Maadili kwa Kiswahili, Maarifa kwa Kiingereza

Mwishoni mwa Juni nilikuwa nyumbani Kifanya. Kwa msomaji asiyepajua, ni kata ya Mji wa Njombe iliyo kando ya barabara kuu iendayo Songea, penye mashamba ya viazi na misitu ya kupandwa, na siku hizi parachichi kila palipo na nafasi ya kuotesha mche. Juni huko baridi haina mzaha. Jioni mgeni hapokewi sebuleni. Anapokewa jikoni, karibu na mafiga, na hapo ndipo aliponikuta mjukuu wa jirani yetu, binti wa kidato cha kwanza, aliyetumwa na bibi yake akiwa na madaftari mawili kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Amesema unitazamie madaftari, kwa sababu wewe unafundisha chuo kikuu."

Daftari la kwanza lilikuwa la somo jipya liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Nilimwuliza habari za Vita vya Maji Maji. Alinieleza kwa maneno yake mwenyewe, bila kufungua daftari: kodi, kazi za kulazimishwa, dawa, Wajerumani, njaa iliyofuata. Alipofika kwenye habari za Wabena kushambulia misheni ya Yakobi mwaka 1905 alisita, akaniuliza, "Ni Yakobi hii hii anakokaa shangazi?" Nikamwambia ni hiyo hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza walioshambulia walikuwa akina nani, na kama watoto wao wapo. Hilo, ndugu msomaji, ni swali la mtafiti. Nimesimamia tasnifu za uzamili ambazo hazikufika kwenye swali la namna hiyo.

Daftari la pili lilikuwa la Baiolojia. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, mchoro wa seli umepakwa rangi, na kila sehemu imeandikwa jina lake kwa Kiingereza. Nikaweka kidole katikati ya mchoro na kuuliza hiki ni nini, kina kazi gani. "Sijui, baba mdogo. Tulinakili ubaoni." Mwalimu hakueleza? "Alieleza kwa Kiingereza, halafu akatafsiri kidogo, halafu akasema tukija kuulizwa tusiseme kwamba alitafsiri."

Sina ugomvi na mwalimu huyo. Alifanya kosa la kutaka aeleweke, na alijua kuwa ni kosa. Ugomvi wangu ni na waliokaa mezani wakapanga kwamba mtoto huyu mmoja, chini ya paa moja la shule, afundishwe uzalendo na adabu kwa lugha anayoielewa, kisha afundishwe seli, umeme na hesabu kwa lugha asiyoielewa. Mpango huo haukuletwa na gavana. Umeandikwa na sisi, katika nchi huru, miaka zaidi ya 60 baada ya bendera kupandishwa. Kiswahili kimepewa maadili, Kiingereza kimepewa maarifa. Mkoloni naye aligawa hivyo hivyo: mwenyeji afundishwe utii kwa lugha yake, ujuzi ubaki mahali ambapo wachache wataruhusiwa kuufuata.

Naandika haya wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani. Kutakuwa na maandamano, kanga za sare, na hotuba nyingi. Tutakumbushwa kwamba UNESCO iliitangaza siku hii Novemba 2021, kwamba SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019, kwamba Umoja wa Afrika nao ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. Yote ni kweli na yote yanapendeza. Lakini sitasikia mtu akieleza inakuwaje lugha iingie Addis Ababa na ikatazwe mlango wa maabara ya sekondari ya kata.

Katika vyuo vyetu kuna mtindo mpya. Kila kongamano ni la kujivua ukoloni, kila andiko la kuomba fedha za utafiti lina neno hilo katika ukurasa wa kwanza. Sipingi hoja yenyewe. Nimeifundisha kwa miaka mingi. Ninachokiona ni kwamba tumeipokea kama tunavyopokea bidhaa nyingine, imefungashwa kutoka vyuo vya Marekani, na lugha yake ikiwa ile ile tunayodai kuivua. Niliwahi kukaa siku tatu katika kongamano la namna hiyo, katika hoteli ya ufukweni, ambapo kila mtoa mada aliuvunja ukoloni vipande vipande kwa Kiingereza, na Kiswahili kilisikika mara mbili tu: tulipoomba chai, na mshereheshaji alipotusalimia asubuhi ili tuchangamke.

Tena tumeipokea bila kuuliza kama inatutosha. Nadharia hizo nyingi zimezaliwa katika nchi ambazo hazikupita njia tuliyopita sisi. Sisi ni jamii iliyotawaliwa na Wajerumani, ikatawaliwa na Waingereza, ikajaribu ujamaa, kisha ikauacha ujamaa bila kuuaga. Hapa ndipo penye fundo, na wanazuoni wa nchi zilizotoka katika ujamaa wa Kisovieti wanaliona vizuri kuliko sisi. Madina Tlostanova, aliyekulia katika Umoja wa Kisovieti, amekuwa akisisitiza kwa muda mrefu kwamba wanaochambua ukoloni na wanaochambua kuanguka kwa ujamaa wamekaa vyumba viwili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake hana la kumwambia.

Kwa watu wake jambo lilikuwa wazi zaidi kuliko kwetu. Kwa Mkazakhi au Mukreni, ujamaa ulikuja na lugha ya Moscow. Kuuvua ujamaa na kuuvua ukoloni yalikuwa mambo yanayoweza kufanywa kwa mkono mmoja: Ukraine ikaangusha sanamu za Lenin, Kazakhstan ikatangaza mwaka 2017 kwamba itaacha herufi za Kirusi na kuandika kwa Kilatini. Estonia, nchi yenye watu milioni moja na kidogo, wachache kuliko wakazi wa wilaya chache za Dar es Salaam zikijumlishwa, inafundisha chuo kikuu kwa Kiestonia.

Kwetu ilikuwa kinyume. Hapa ujamaa ndio uliokuwa shoka la kuukatia ukoloni. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, alipotoa Azimio la Arusha Februari 1967 na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima, yote hayo yalikuwa kazi moja. Kwa hiyo tulipouacha ujamaa tuliacha na shoka. Wakazakhi waliangusha sanamu. Sisi hatukuwa na sanamu ya kuangusha, tuliweka tu zana chini tukaondoka, na wengi hatukugundua kwamba mti ulikuwa bado umesimama.

Tena tuliondoka kimyakimya. Hakukuwa na ukuta uliobomolewa wala chama kilichopinduliwa. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupokea mishahara miwili, na halikutangazwa kwa ngoma kama lile la Arusha. Hata leo ukiisoma Ibara ya 3 ya Katiba utakuta Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kijamaa, na Ibara ya 9 inataja ujenzi wa taifa kwa kufuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mtumishi wa umma anayeapa kuilinda Katiba hiyo asubuhi, na mchana akaenda kwenye warsha ya kuvutia wawekezaji, hana hatia. Ni mkazi wa nchi ambayo maneno yake na matendo yake yamehama nyumba moja.

Tazama maneno yalivyobadilika. Mtu wa Kifanya wa miaka ya 1970, hata aliyeishia elimu ya watu wazima, alijua kupe ni nani na mirija ni nini. Hakuhitaji kamusi, kupe alimwona kwa ng'ombe wake kila siku. Unyonyaji, ubeberu, kabaila, bwanyenye: maneno haya yalimwezesha mkulima asiye na viatu kumnyooshea kidole mtu mwenye gari. Yalitumiwa vibaya mara nyingi, nakubali, na wapo waliofilisiwa kwa kuitwa hivyo. Lakini yalikuwa nadharia iliyo mdomoni mwa watu. Leo kupe amekuwa mdau. Mkulima naye ni mdau, benki ni mdau, mnunuzi wa parachichi anayepanga bei ni mdau, wote wamekaa katika mnyororo wa thamani kama ndugu wa tumbo moja. Na neno ndugu lenyewe, ambalo waziri na mfagizi waliitana, limeng'olewa likapandwa Mheshimiwa. Mabadiliko haya hayakupigiwa kura bungeni. Yalipita midomoni mwetu.

Nisieleweke kwamba nalilia ujamaa uliokuwapo. Kutoka Kifanya, ukifuata barabara ile ile kwenda kusini, unafika Songea, na nje ya Songea kuna kijiji kiitwacho Litowa. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima pamoja bila kuamriwa na mtu. Walishindwa mara ya kwanza, wakarudi. Kufikia mwisho wa muongo walikuwa na vijiji vipatavyo 17 chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wana mashine ya kusaga, wana shule ambayo mwalimu wake mkuu, Suleman Toroka, alikwisha kuunganisha masomo na maisha ya kijiji kabla Elimu ya Kujitegemea haijaandikwa. Maamuzi yalifanyika katika mkutano wa wanakijiji. Mwalimu Nyerere aliwatembelea, aliwasifu, na andiko lake la Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini lina harufu ya Litowa kila ukurasa.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa. Kosa lake lilikuwa kwamba kilikuwa cha kijamaa kwa akili yake chenyewe. Viongozi wa mkoa hawakuweza kuvumilia wakulima wanaoamua wenyewe, kama vile Mkuu wa Wilaya wa Kiingereza asingevumilia, na kwa sababu ile ile. Miaka michache baadaye vijiji vya ujamaa vililetwa kwa operesheni. Bibi yangu aliwahi kutuonyesha miti aliyoiacha alipohamishwa. Alikuwa akiitaja mmoja mmoja, aliyeipanda na mwaka, na hakutumia neno ujamaa hata mara moja. Alisema tu, "tulipohamishwa."

Kwa hiyo shoka lilikuwa zuri na mkono ulioushika mpini ulikuwa umejifunza kwa bwana. Anayefundisha ukombozi wa fikra Tanzania bila kusema sehemu hizi mbili kwa pamoja anawadanganya wanafunzi wake. Anayesema ya kwanza tu ni mwimba sifa. Anayesema ya pili tu huishia kutuambia kwamba soko ndilo lililotuokoa, na soko lilipokuja Njombe si mara ya kwanza kufika. Wabena walijua soko tangu walipokuwa wakisombwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, kila mtu na namba yake, hadi wakaitwa manamba; walilijua Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1949 kwa fedha za shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza.

Litowa ni jibu la kwanza tulilolikataa. La pili lina mhusika kutoka kwetu kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rais aliunda tume ya kutazama upya elimu ya nchi, na mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, mwana wa Njombe na mbunge wa huko kwa miaka mingi. Tume ilizunguka nchi, ikasikiliza, ikakabidhi ripoti mwaka 1982. Pendekezo lake kuhusu lugha lilikuwa la mtu aliyewahi kuingia darasani: kuanzia Januari 1985 kidato cha kwanza kifundishwe kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zamu ifike chuo kikuu. Kiingereza kifundishwe vizuri, kama somo. Msamiati ulikwisha kuandaliwa kwa sehemu kubwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa kazini tangu 1964. Mwaka 1983 ikatangazwa kwamba mabadiliko hayo hayatakuwapo.

Kilichofuata kinastahili kusomwa taratibu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari. Waligundua kwamba wengi hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia chochote. Mtu wa kawaida angesema: basi wafundishwe kwa lugha wanayoielewa. Ripoti ilipendekeza Kiingereza kiendelee, na kiongezewe nguvu. Miaka michache baadaye ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, pamoja na vitabu vyake na wataalamu wake. (Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, ninayoipanda kila nikienda nyumbani, nayo ilijengwa kwa msaada wa Uingereza miaka hiyo hiyo ya 1980. Ni barabara nzuri na siikatai. Natofautisha tu msaada wa kunifikisha ninakokwenda na msaada wa kunichagulia lugha ya kuulizia njia.)

Lakini nakataa kuishia hapo, kwa sababu kumsingizia Mwingereza ni starehe ya bei rahisi. Uingereza ilitoa kilichokuwa na manufaa kwake. Ndivyo mataifa yafanyavyo. Waliokataa ripoti ya Makweta walikuwa Watanzania, wengine wao wajamaa wa kutajwa. Mwalimu mwenyewe, baba wa Kiswahili cha taifa, miaka hiyo alinukuliwa akikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Ilikuwa ni nchi iliyochoka: vita dhidi ya Idi Amin, mafuta, foleni za sabuni, na mazungumzo magumu na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo yalifikia makubaliano mwaka 1986. Kwa maoni yangu ujamaa wa Tanzania haukufa 1991 Zanzibar wala 1986. Ulikufa 1983, ofisini, siku ilipoamuliwa kwamba mtoto wa mkulima anaweza kusubiri. Uchumi ulifuata baadaye, kama mazishi yanavyofuata kifo.

Tangu hapo tumekuwa na sera zinazoahidi na mazoea yanayokataa. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilisema utaandaliwa mpango wa kutoa elimu kwa Kiswahili katika ngazi zote. Sera ya Elimu ya 2014 ilirudia kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mlango wa Kiingereza ukiachwa wazi pale haki itakapohitaji. Na binti wa Kifanya bado ananakili seli ubaoni.

Wanafunzi wangu hunijibu kwa hoja tatu, na nitazijibu, ingawa si kwa uzito sawa.

Ya kwanza, kwamba Kiswahili hakina maneno, haistahili muda mwingi. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu 1970, na isimu si somo la kitoto. Maneno huzaliwa kazini. Fundi wa magari wa Makambako anashusha injini nzima na kuipandisha bila kukwama kwenye msamiati.

Ya pili ni nzito: wazazi wenyewe wanataka Kiingereza. Ni kweli. Nendeni Njombe mjini mkaone mabasi ya shule za mchepuo wa Kiingereza asubuhi, mkaone mama muuza ndizi akilipa ada isiyolingana na biashara yake. Mama huyo si mjinga na hana kasumba. Ameisoma nchi yake sawasawa. Ameona usaili wa kazi unafanywa kwa lugha gani, ameona watoto wa wanaotunga sera wanasoma wapi, akahitimisha. Tatizo ni kwamba anachonunua, na anachopewa bure mwenzake katika shule ya kata, si kitu kimoja. Mtoto wa mchepuo anapata Kiingereza tangu chekechea. Mtoto wa shule ya kata anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari anaamka na kukuta dunia imebadilishwa lugha, na akishindwa anaambiwa hana akili. Mpaka wa kikoloni ulikuwa kati ya mzungu na mweusi. Tuliuhamisha. Sasa unapita kati ya shule yenye basi na shule isiyo na basi, na nauli ya kuuvuka ni Kiingereza.

Nami niko ng'ambo ile. Ni lazima niseme, maana msomaji atauliza. Watoto wangu wawili wamesoma mchepuo wa Kiingereza. Nililipa ada kwa mishahara niliyoipata nikifundisha, pamoja na mambo mengine, ubaya wa mpango huo. Nilijiambia kwamba siwezi kuwatoa watoto wangu kafara kwa ajili ya hoja. Kila mtumishi wa umma anayesoma makala hii alijiambia hivyo hivyo, na katika wizara zote hakuna aliyebaki ambaye kidato cha kwanza cha Kifanya kinamuuma kama mzazi. Ndiyo maana sera inaweza kukaa rafu tangu 1997 bila mtu kukosa usingizi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, na aliyenitolea mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka kwetu, Mbena. Aliniuliza: unalilia Kiswahili, na Kibena je? Lugha yenu ilikufa kwa mkono wa nani?

Haijafa. Jikoni pale mazungumzo yalikuwa ya Kibena, na mtu akiingia anasema "Kamwene" kabla hajasema jambo lingine lolote. Lakini swali lilikuwa halali. Mimi ni wa kizazi kilichovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema kilugha, tukaambiwa ni ukabila. Kanuni za utangazaji hadi leo zinaitaka redio inayosikika Njombe itumie Kiswahili au Kiingereza. Taifa la kijamaa lilikiogopa Kibena kama lilivyowaogopa watemi, ambao lilikwisha kuufuta utawala wao mapema, na kama lilivyokiogopa chama cha Ruvuma: kwa sababu kilikuwa na mizizi yake lenyewe lisipoitia maji. Kiswahili kilitupa taifa, na siku hizi tukitazama majirani tunajua thamani ya zawadi hiyo. Kilituomba malipo pia, na malipo yalitolewa na watoto wa miaka saba.

Sikubali, hata hivyo, kwamba deni la Kibena ni sababu ya kukiacha Kiingereza kibaki darasani. Mara nyingi hoja hii huletwa na watu ambao hawajawahi kufanya lolote kwa ajili ya Kibena, na hawatafanya; wameiokota kama jiwe la kukirushia Kiswahili. Mtoto wa darasa la kwanza aelezwe kwa Kibena pale asipoelewa, bila kibao. Redio ya Njombe isome bei za viazi kwa lugha ya wenye viazi. Haya hayahitaji fedha za mfadhili, yanahitaji serikali iache kuogopa. Na yule wa kidato cha kwanza aelezwe seli kwa lugha aliyonielezea Maji Maji.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani katika vita vile. Lilikuwa jambo zito, na ndugu wa Songea Mbano waliomsubiri kwa vizazi wana haki ya kudai pia fuvu la babu yao popote lilipo. Niliwaona wenzangu wengi wa chuo wakiandika juu ya ziara hiyo kwa siku nyingi. Nami niliandika. Ni rahisi kwetu kuandika juu ya radhi tunayodaiwa na Berlin. Ripoti ya Makweta ipo maktaba, ina zaidi ya miaka 40, na waliotakiwa kuitekeleza walikuwa sisi.

Sasa la kwangu mwenyewe, maana nimechoka kusaini matamko. Muhula ujao katika kozi yangu ya historia ya fikra za kisiasa Afrika, semina zote zitaendeshwa kwa Kiswahili. Mihadhara, kwa kanuni za chuo, itabaki kwa Kiingereza, na nitaeleza darasani ni kanuni ipi na iliandikwa mwaka gani. Insha zitapokelewa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili na kusahihishwa kwa kipimo kimoja. Mkuu wa idara nimemwandikia barua, kwa Kiswahili, na bado sijajibiwa. Mwanafunzi anayeona ninamharibia Kiingereza chake ana haki ya kwenda kulalamika, na nitamwelekeza ofisi.

Wahadhiri wa fizikia na baiolojia mnaosoma hapa, nawaomba jambo dogo zaidi. Yule binti bado anasubiri. Nilimweleza habari za kiini cha seli kadiri ninavyokumbuka, nikamchorea yai la kuku, akacheka, akaelewa, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mtu wa historia, sikuweza kulijibu: kama kila seli ina maelekezo yale yale, jicho linajuaje kuwa jicho? Nimeahidi kumpelekea jibu kabla ya Septemba. Atakayeniandikia ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka jikoni, nitaupeleka mwenyewe.